Kuunganisha mitandao miwili ya kusambaza maudhui

Ndugu, unauliza uanzie wapi kubuni itifaki ya kuunganisha mitandao yenu miwili ya kusambaza maudhui (CDN, yaani seva zinazoweka nakala za video na kurasa karibu na watazamaji). Usianze sifuri. IETF, shirika linaloweka viwango vya intaneti, ilishachora ramani mwaka 2014 katika hati yake RFC 7336: ombi linapokezwaje, nakala zinafutwaje, kumbukumbu za matumizi zinarudije.

Kitakachokuumiza kichwa ni mzunguko. Mtazamaji anaomba video, mtandao wa kwanza, A, anamrushia wa pili, B. B hana nakala, anaiomba kwa A, A anamrushia tena B, na ombi linazunguka kama pia. Kila mtandao uongeze jina lake kwenye kichwa cha ombi (maelezo yanayoambatana na ombi) kiitwacho CDN-Loop (RFC 8586, 2019). Ukikuta lako limeshaandikwa, kata hapo hapo.

Kwenye kufuta nakala, dai jibu la “imekamilika”, si “nimepokea” tu. Malipo? Waachieni wanasheria.