Mtoto wa mbwa na paka mwenyeji

Dada, umeuliza kama paka wako wa miaka 6 akutane na mtoto wa mbwa siku hiyo hiyo akiletwa hapo Fuoni. Nakuomba usifanye hivyo. Mbwa akae uani, paka abaki ndani kama kawaida yake. Kwanza wazoeane harufu: kitambaa alicholalia mbwa kiweke karibu na sahani ya paka. Baada ya siku kadhaa waonane kupitia mlango wa wavu, mbwa kafungwa kamba. Paka awe na pa kupanda, juu ya kabati hata ukutani. Ukucha mmoja wa paka aliyebanwa kwenye kona unaweza kumharibu mbwa jicho. Paka akivimbisha manyoya, mwondoe mbwa taratibu, usimpige. Wangu walichukua wiki 3 kuzoeana. Chanjo ya kichaa cha mbwa wapate wote wawili.