Mafunzo ya ovadozi kwa polisi: tuanze na pumzi, slaidi baadae

Mkuu umeuliza mambo mawili, kwanza kama nusu siku inatosha kuwafundisha askari wenu mambo ya ovadozi (mtu kuzidisha dawa) ya opioidi, yaani dawa za jamii ya heroini na mofini, na pili kama ni kweli askari akigusa tu fentanili, opioidi kali sana ya maabara, anaanguka. Nimefanya kazi kwenye ambulensi miaka mingi na saivi nafundisha polisi na zimamoto mada hii hii, so ntajibu kwa urefu mnivumilie.

Nusu siku inatosha ila inategemea mnaitumiaje. Kozi nyingi nilizokaa zinaanza na slaidi za aina za dawa, heroini, mofini, kodeini, tramado, picha za vidonge na rangi zake, muda unaisha askari hajashika kitu chochote kwa mikono yake. Opioidi inaua kwa kupunguza pumzi basi, inatuliza ile sehemu ya ubongo inayoendesha kupumua, mtu anapumua taratibu, taratibu zaidi, mwisho anaacha. Mara nyingi moyo bado unadunda wakati huo na ndo maana anaokolewa akiwahiwa, na wa kuwahi mara nyingi ni askari wa doria, sisi wa ambulensi tunakuja nyuma. Ubongo ukikosa oksijeni dakika chache tu unaanza kuharibika.

Kitu nachokazania kuliko vyote ni mkoromo. Unafika nyumbani kwa watu, jamaa kalala chali sakafuni, ndugu zake wanakwambia muache apumzike si unasikia anavyokoroma. Ule mkoromo mzito wenye kama maji kooni ni njia ya hewa inaziba. Piga magoti, msugue katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi, kwa nguvu, muite. Haamki? Angalia kifua kinapanda mara ngapi, chini ya mara 12 kwa dakika ni shida na chini ya 8 ni hatari kabisa. Midomo inakuwa ya bluu, kwa mtu mweusi inapauka kama majivu so angalia na fizi na kucha. Mboni za macho huwa ndogo kama kichwa cha pini lakini usizitegemee sana, akichanganya dawa zinaweza zisiwe hivyo.

Hapo ita ambulensi, inua kidevu, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5 au 6 kwa kutumia maski, na mwenzako apulize puani naloksoni, dawa inayozima nguvu ya opioidi. Dakika 2 mpaka 3 bila mabadiliko, dozi ya pili pua ya upande wa pili, pumzi zinaendelea muda wote huo. Hapa ndo nagombana na waalimu wenzangu maana wengi wanafundisha naloksoni peke yake, askari anapuliza anakaa anasubiri. Kama mapigo ya moyo hayapo au huna uhakika, anza kukandamiza kifua. Na kama alimeza dawa za usingizi au unga umechanganywa na zailazini, dawa ya kutuliza wanyama, naloksoni haigusi hizo, atabaki kalala hata kama kaanza kupumua vizuri, lengo ni apumue, usimmiminie dozi juu ya dozi ili afungue macho. Ukikuta siyo opioidi kabisa naloksoni haitamdhuru so ukiwa na mashaka mpe.

Kuhusu kugusa. Mwaka 2017 vyama viwili vya wataalamu wa sumu Marekani vilitoa tamko kwamba hata viganja vyote viwili vikifunikwa na plasta za fentanili ingechukua kama dakika 14 kupata maikrogramu 100, yaani sehemu moja ya kumi ya miligramu, na plasta zimetengenezwa makusudi dawa ipenye ngozi, unga mkavu haupenyi hivyo. Askari anayeanguka baada ya kugusa mara nyingi moyo unamwenda mbio, anahema haraka, anatetemeka, na hiyo ni kinyume kabisa cha opioidi. Hofu yake ni ya kweli, simbezi, ila ikiachwa darasani inamfanya asimame mlangoni mtu anakufa ndani. Avae glavu za nitrili, unga ukiwa unapepea avae na maski, akishikwa na vumbi anawe kwa maji na sabuni, siyo sanitaiza.

Sasa kuna sehemu ambayo kozi nyingi zinaipita juu juu. Naloksoni inafanya kazi kama dakika 30 mpaka 90 halafu inaisha, na opioidi kama methadoni inakaa mwilini muda mrefu zaidi, so mtu anaweza kuamka, akaongea, akatembea, na baadae pumzi zikazama tena. Akiamka anakuwa na arosto, yaani mwili unadai dawa, anatapika, ana hasira, anataka kuondoka. Usimuulize unga kautoa wapi. Mlaze ubavu, ongea nae kwa upole, kaa nae mpaka ambulensi ifike.

Na kama ni mahabusu ndo balaa zaidi, anaingizwa usiku kama mlevi, analazwa, asubuhi wanamkuta wa baridi. Kwenye selo kumchungulia dirishani hakutoshi, lazima ingia, muamshe, akujibu. Hata anayetoka jela baada ya miezi bila kutumia yuko kwenye hatari kubwa wiki za mwanzo maana mwili umeshasahau dozi yake ya zamani. So mkuu ukipanga darasa usiite wa doria peke yao, leta na wale wanaolinda selo zamu ya usiku, na midoli ya kutosha kila mtu apulizie pumzi mwenyewe. Naloksoni zenu msiziache kwenye gari linalopigwa jua, na mkague tarehe za kuisha.