Barua kwa mwanangu: wasichana na mita 800

Mwanangu Neema,

Marahaba. Umeniuliza kama ni kweli anavyosema mwalimu mwenzako, kwamba mita 800 zinawaumiza wasichana, kwa hiyo kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, uwapeleke mita mia moja na mia mbili tu. Si kweli, na maneno hayo yalianza zamani sana.

Wanawake waliingia kwenye riadha ya Olimpiki kwa mara ya kwanza Amsterdam, mwaka 1928. Fainali ya mita 800 ilikuwa na wakimbiaji tisa. Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa dakika 2:16.8, akafuatiwa na Kinue Hitomi wa Japani na Inga Gentzel wa Sweden, na wote watatu walivunja rekodi ya dunia. Magazeti yakaandika kwamba akina mama walianguka ovyo uwanjani. Uongo! Wote tisa walimaliza. Mbio zikafutwa hata hivyo, zikarudi Roma 1960. Miaka 32 ya wasichana imepotea hivyo, na bado inaniuma. Pamela Jelimo alipochukua dhahabu Beijing 2008, ya kwanza kwa mwanamke wa Kenya kwenye Olimpiki, aliipata kwenye mbio hizo hizo, kwa 1:54.87.

Kinachowamaliza wanafunzi wako ni mita 200 za mwanzo. Binti anayemaliza mita 800 kwa dakika 2:40 apite hapo kwa sekunde 38 au 39, amalize mita 400 za kwanza kwa 78 au 79, za pili kwa 81 au 82. Akipandishwa mzuka na kelele akapita kwa 34, miguu inakuwa mizito mapema: mita ya 500 mabega yanapanda, hatua zinafupika, na mita 150 za mwisho anajikokota. Hapo ndipo watu wanaposema mbio hizi si za wasichana.

Kama shule haina njia za kukimbilia, tafuta uwanja wenye upana wa mita 65 au zaidi. Piga kigingi katikati, funga kamba ya mita 31.5, zunguka nayo ukimwaga chokaa. Binti akikimbia sentimita 30 nje ya mstari, mzunguko mmoja ni mita 200. Kamba ya nailoni usiitumie, inavutika na vipimo vyote vinaharibika.

Mazoezi yawe saa 12 na nusu asubuhi, jua halijawa kali. Mara mbili kwa wiki wakimbie mita 200 mara nne, kila moja kwa sekunde 40, wakitembea dakika 2 katikati. Akikimbia ya kwanza kwa 35 na ya nne kwa 45, nguvu anazo, kipimo cha mwendo ndicho hana. Zikilingana zote, ongeza ziwe sita. Aliye kwenye siku zake asizuiwe. Apunguziwe akisema tumbo linauma. Na kila mmoja awe na sidiria inayobana vizuri.

Mwenzako akiendelea kubisha, mtajie Magdalena Shauri, Mtanzania mwenzetu: wa tatu marathoni ya Berlin 2023, kilomita 42 kwa saa 2:18:41.

Wakishaanza, niandikie muda wa kila mia mbili, usiniletee wa mwisho peke yake.

Mama yako,
Temeke, Dar es Salaam