Kabla ya Kung'oa Nanga: Ushauri kwa Familia Inayoanza Safari Ndefu ya Baharini

Mara ya kwanza tulipoanza safari yetu ndefu kwa chombo cha tanga, tuliondoka kwa sababu tarehe ilikuwa imefika. Ndugu na marafiki walikuwa wametangaziwa siku na saa, wakaja gatini kutuaga, na ingawa utabiri wa hali ya hewa ulionyesha upepo mkali wa mbisho, yaani unaovuma kutoka mbele, kabla ya jua kutua, niliona haya kuwaambia warudi majumbani mwao. Tulipigwa na mawimbi kwa muda wa saa 9. Komeo la kabati la vyombo lilifunguka, sahani zikamwagika sakafuni. Uchafu uliokuwa umetulia chini ya tangi la dizeli ukatibuka na kuziba chujio, injini ikazimika. Na watoto wetu wawili walitapika hadi wakabaki wakitoa nyongo. Tuligeuza chombo usiku tukarudi. Kinachoniuma mpaka leo si sahani wala injini, bali ni zile wiki 3 zilizopita kabla ya mtoto wetu mdogo kukubali tena kukanyaga sitaha.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa kila familia ni huu: msiifunge safari kwa tarehe. Msimu ni jambo jingine, nao hauna mjadala. Msimu wa vimbunga katika Atlantiki ya Kaskazini huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kwa sababu hiyo vyombo vingi vinavyovuka kutoka Visiwa vya Canary kwenda Karibiani husubiri mwisho wa mwaka, wakati pepo za biashara, zile za kudumu zinazovuma kutoka kaskazini mashariki, zinapokuwa zimetulia katika mwelekeo wake. Lakini ndani ya msimu unaofaa, siku ya kuondoka ichaguliwe na hali ya hewa pamoja na hali ya watoto, si na kalenda. Wageni waageni mapema, hata siku 5 kabla, kisha mbaki peke yenu na uhuru wa kusema, "Leo hatuendi."

Siku hizo za kungoja zina kazi. Hamieni chomboni kabisa, mlale mkiwa mmetia nanga, mpike humo, mwoge humo. Pimeni maji mnayotumia badala ya kukisia, kwani lita 3 au 4 kwa kila mtu kwa siku ni za kunywa na kupikia tu, na mkivunjikiwa na mtambo wa kusafisha maji ya chumvi mtategemea kilichomo matangini. Chombo cha familia kinachokwenda wastani wa maili 5 za baharini kwa saa hufanya maili 120 kwa siku, hivyo safari ya maili 2,700 ni ya siku 22 au 23 ikiwa mambo yote yamekwenda sawa; wekeni akiba ya maji na chakula kwa siku nyingi zaidi ya hizo.

Kuhusu kichefuchefu cha bahari, wazazi wengi hukosea kama nilivyokosea mimi: wanangoja mtoto aanze kutapika ndipo watafute dawa. Chanzo chake ni kwamba sikio la ndani linahisi mwendo ambao macho, yakitazama kuta za kabini, hayauoni; na tumbo likishachafuka, kidonge hakikai. Mwoneni daktari kabla ya safari, mwulizeni dozi inayofaa umri na uzito wa kila mtoto, na mwijaribu dawa mkiwa bado nchi kavu, kwa kuwa baadhi yake huleta usingizi mzito. Mwili wa mtu huzoea kwa siku 2 au 3. Katika siku hizo asitazamiwe mtu kusoma, wala kupika chakula cha kupendeza.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni zamu. Watu wazima wawili wenye watoto wadogo si mabaharia wawili. Aghalabu ni baharia mmoja na mlezi mmoja, wanaobadilishana bila kulala vya kutosha. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinakitaka kila chombo kiwe na mtu wa kuangalia na kusikiliza wakati wote, na bahari haimsamehe mzazi aliyekesha na mgonjwa, kwa kuwa meli kubwa huweza kukufikia ndani ya dakika 20 tangu ilipochomoza kwenye upeo wa macho. Sisi tulipanga zamu za saa 3 usiku, tukakubaliana kwamba malezi ya mchana nayo yahesabiwe kuwa zamu, na kwamba anayelala haamshwi kwa jambo dogo. Ikiwa hesabu yenu ya usingizi haikubali, chukueni mtu mzima wa tatu. Si aibu.

Vifaa vya usalama nitavitaja kwa ufupi. Redio ya baharini iwe wazi katika chaneli 16, ambayo ni ya wito na dharura, kifaa cha dharura cha setilaiti cha megahezi 406 kisajiliwe kwa jina la chombo chenu, na hata mtoto ajue namna ya kuvitumia. Watoto wavae jaketi la kujiokolea na mkanda uliofungwa kwenye kamba ya usalama kila wanapokuwa sitahani, na usiku mtu mzima naye asitoke kabini bila huo mkanda. Sheria isiyomhusu baba haitadumu kwa mtoto.

Mara ya pili tuliondoka alfajiri, na gatini hapakuwa na mtu. Upepo ulikuwa wa kutusukuma kutoka tezi, yaani nyuma ya chombo, na hatua ya kwanza tuliipanga iwe ya maili 28 tu, ili tutie nanga katika ghuba iliyokingika jua likiwa bado juu. Binti yetu mdogo, amefungwa mkanda wake, alikaa kwenye omo, mbele ya chombo, akihesabu alama za rangi tulizopaka kwenye mnyororo kila baada ya meta 10, na ilipopanda ya mwisho alituita kwa sauti kubwa kwamba nanga imeng'oka.