Maswali na majibu: Chuo kilichokukubali kinapofuta nafasi yako

Maswali ya juma hili yametoka kwa vijana na wazazi waliopokea barua za kukubaliwa na vyuo vya Marekani, na yote yanazunguka hofu moja: je, chuo kinaweza kubadili uamuzi wake?

*Shikamoo Mwalimu. Nilikubaliwa mwezi Machi, nikafanya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei, na Kemia haikwenda vizuri. Je, watanifutia nafasi? (Mwanafunzi, Moshi)*

Marahaba, mwanangu. Isome upya barua yako, hasa aya ya mwisho ambayo wengi huiruka kwa furaha. Kwa kawaida chuo huandika humo kwamba kimekukubali kwa sharti kwamba umalize shule kwa kiwango kilekile ulichokionyesha ulipoomba. Wenzako wa Marekani hupeleka hati yao ya mwisho ya matokeo mara tu wanapohitimu, lakini wewe husubiri Baraza la Mitihani litangaze mwezi Julai, wiki chache tu kabla ya safari, ndiyo maana pigo likija huja wakati tiketi imeshakatwa. Kushuka kutoka A hadi B hakuwasumbui. Kinachowashtua maafisa wa udahili ni kufeli somo, kuporomoka katika masomo kadhaa kwa pamoja, au kuacha kimyakimya somo ulilolitaja kwenye fomu ya maombi, na hata hapo vyuo vingi huandika kwanza kuomba maelezo.

Usiwasubiri waandike. Binti mmoja niliyemsimamia aliona matokeo yake saa tano asubuhi, na kufikia saa nane mchana alikuwa ameshakiandikia chuo chake: alitaja alama bila kuzipamba, akaeleza kwamba alikuwa akimuuguza mama yake mwezi wa mtihani, akampa afisa mawasiliano ya mkuu wa shule aliyeweza kulithibitisha hilo, kisha akataja sura za kitabu cha Hisabati alizokuwa ameanza kuzirudia. Nilimwomba afute sentensi moja tu, ile aliyomlaumu msahihishaji. Nafasi yake ilibaki.

*Tumelipia nafasi katika vyuo viwili ili tupate muda wa kulinganisha ufadhili. Kuna ubaya? (Mzazi, Nairobi)*

Upo, mzazi mwenzangu. Aliyeomba kupitia Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja, alitia saini kwamba atapeleka malipo ya kuthibitisha nafasi kwenye chuo kimoja tu, na vyuo vikigundua vinaweza kufuta nafasi zote mbili. Andikieni kimoja leo mkiachie, nacho kitampa mtoto mwingine aliye kwenye orodha ya kusubiri. Mnaohitaji muda, ombeni waziwazi mwongezewe siku kabla ya tarehe 1 Mei, ambayo kwa vyuo vingi ndiyo siku ya mwisho ya kujibu.

*Wakala tuliyemlipa alimwandikia mwanangu insha, akatunga na barua ya mwalimu. Mtoto ameshakubaliwa. Tunyamaze? (Mzazi, Dar es Salaam)*

Hapana, msinyamaze. Kati ya maswali yote niliyopokea, hili ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu saini iliyo chini ya fomu ni ya mtoto, si ya wakala. Uongo katika maombi haufutwi na muda. Kashfa ya udahili iliyofichuliwa Marekani mwezi Machi 2019, ambapo wazazi walimlipa mshauri William Rick Singer ili alama za mitihani na sifa za michezo za watoto wao zighushiwe, iliwakuta baadhi ya wanafunzi wameshaanza masomo, na kuna waliofukuzwa. Mwanao mwenyewe, kwa maneno yake, akiandikie chuo kukieleza yaliyotokea, na amwombe mwalimu wake halisi barua ya kweli. Huenda nafasi ikapotea. Itauma, lakini itapotea akiwa nyumbani kwenu, angali na mwaka wa kuomba upya, kuliko kupotea mwaka wa tatu akiwa ugenini, ada imelipwa na kiwanja kimeuzwa.

*Ni kweli kwamba maneno ya kwenye simu yanaweza kukufutia udahili? (Mwanafunzi, Mombasa)*

Ni kweli. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Harvard kilifuta nafasi za wanafunzi wasiopungua 10 waliokuwa wameshakubaliwa, baada ya kubainika kwamba walitumiana picha na maneno ya dhihaka za kingono na za kibaguzi katika kundi lao la faragha la Facebook. Katika kundi la wanafunzi wapya, kila mmoja anaweza kupiga picha ya kioo cha simu yake na kuituma popote.

*Je, chuo kinaweza kumfuta mtu asiye na kosa? (Mwanafunzi, Kampala)*

Kinaweza, na limewahi kutokea. Katika kiangazi cha 2017, Chuo Kikuu cha California kilichopo Irvine kilijikuta na wanafunzi wapya takriban 850 zaidi ya waliotarajiwa, kikafuta nafasi 499, na 290 kati ya hizo kwa madai kwamba hati za matokeo hazikufika kwa wakati au hazikukamilika. Baadhi yao walikuwa na uthibitisho kwamba walizipeleka mapema. Wanafunzi walikata rufaa na kulalamika hadharani, na mwanzoni mwa Agosti mkuu wa chuo, Howard Gillman, aliomba radhi na kuwarudisha wale walioondolewa kwa sababu ya hati.

Kwa hiyo, shule yako ikituma matokeo, omba nakala ya stakabadhi, kisha baada ya wiki moja ingia kwenye akaunti yako ya udahili uone kama yamepokelewa. Barua ya kufutwa ikija, jibu siku hiyohiyo, uliza sababu kwa maandishi, na uliza mwisho wa kukata rufaa ni tarehe gani, kwa maana siku hizo huwa chache sana.