Re: Ini la kando lina trigliseridi nyingi kuliko uvimbe

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: kwenye vipimo vyako vya mafuta ya tishu za saratani ya ini, ini la kando ya uvimbe linakupa trigliseridi (mafuta ya akiba) nyingi kuliko uvimbe wenyewe, na lisofosfatidilikolini (fosfolipidi, yaani mafuta ya utando wa seli, iliyopoteza mnyororo mmoja) imepanda kwenye sampuli zote mbili.

Anza na hicho kipande cha kando. Kukatwa mbali na uvimbe hakukifanyi kiwe kizima. Wagonjwa wengi wa saratani ya ini wana sirosisi (ini lenye makovu) au ini lenye mafuta. Mpe mwanapatholojia kipande pacha akuambie asilimia ya seli zenye matone ya mafuta na, kwenye uvimbe, sehemu iliyokufa. Bila slaidi hizo siwezi kukuambia kama tofauti yako ni ya saratani.

Jumla ya trigliseridi huyumba sana, usiitegemee. Tazama minyororo ya asidi za mafuta (namba ya kwanza ni kaboni, ya pili ni vifungo maradufu): kwenye uvimbe 16:0 na 18:1 huelekea kupanda, zenye vifungo maradufu vingi kama 20:4 hushuka.

Lisofosfatidilikolini kupanda kote nashuku ni ucheleweshaji kabla ya kugandisha. Vimeng'enya vya fosfolipasi huendelea kumeng'enya fosfolipidi tishu ikiwa bado na joto. Tumbukiza kwenye nitrojeni kimiminika ndani ya dakika chache, tunza kwenye −80 °C, na usiiache iyeyuke. Saga moja kwa moja ndani ya methanoli baridi, kisha ongeza klorofomu hadi uwiano wa klorofomu kwa methanoli uwe 2:1, jumla mililita 20 kwa gramu 1 ya tishu. Viwango vya ndani (lipidi za kiasi kinachojulikana, za kulinganishia) viingie kabla ya kusaga. Matokeo yagawanye kwa protini, maana uzito wa tishu yenye mafuta unadanganya.