Barua kwa Mwanangu: Ushuke Majini Tena?

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Masasi. Sote hapa wazima, na korosho zimeanza kudondoka.

Umeniuliza jambo zito. Ulibatizwa ukiwa mchanga, hukumbuki chochote, na sasa mchungaji wa kanisa unalosali huko Mtwara mjini anasema ule ulikuwa ni kunyunyiziwa tu, kwa hiyo ushuke maji mengi. Jibu langu: usishuke kabla hujajua ulipewa nini mwanzoni. Ukishajua, naona hutakuwa na haja.

Anza na Paulo kule Efeso, Matendo 19. Aliwakuta wanafunzi wapata kumi na wawili, na hakukimbilia maji. Aliuliza kwanza: "Basi mlibatizwa kwa ubatizo gani?" Wakasema wa Yohana. Ule ulikuwa wa toba, wa kumngojea ajaye, na hao hata habari za Roho Mtakatifu hawakuwa wamezisikia. Ndipo wakabatizwa kwa jina la Bwana Yesu. Watu watakusomea sura hiyo, nawe usome na iliyo kabla yake. Apolo naye alijua ubatizo wa Yohana tu, lakini Luka anasema Prisila na Akila walimchukua wakamfundisha kwa usahihi zaidi, maji hayatajwi. Soma pia sura ya 8. Simoni aliyekuwa mchawi alibatizwa, kisha akataka kununua karama kwa fedha. Petro alimkaripia vikali, akamwambia atubu na kumwomba Bwana. Hakumrudisha majini.

Usiwadharau lakini hao wanaokuhimiza. Wabaptisti na Wapentekoste ukiwauliza vizuri, wengi watakuambia hawabatizi mtu mara ya pili. Kwao huo ndio wa kwanza, maana ule wa utotoni haukuwa na imani ya mwenye kubatizwa. Hoja hiyo ina nguvu: yule towashi Mkushi alisikia, akaamini, akabatizwa. Upande wa pili kuna nyumba nzima zilizobatizwa, ya Lidia, ya mlinzi wa gereza, ya Stefana. Maandiko hayasemi kama walikuwamo wachanga, wala hayasemi hawakuwamo. Kwa hiyo mvutano hauko kwenye wingi wa maji. Uko hapa: ubatizo ni Mungu kumshika mtu kabla mtu hajamjua, au ni mtu kumjibu Mungu? Mimi nashika la kwanza. Na Waefeso 4:5 inasema ubatizo mmoja.

Tazama jando. Kijana akisahau mafunzo yote ya jandoni, harudishwi kwa ngariba. Anakalishwa na wazee, anafundishwa upya. Paulo mwenyewe, Wakolosai 2:11-12, anaweka tohara na ubatizo katika sentensi moja.

Wala si mabishano mapya. Yaliwaka Afrika ya Kaskazini katikati ya karne ya 3, Sipriani askofu wa Karthago akitaka waliobatizwa na wazushi wabatizwe wakirudi, Stefano askofu wa Roma akikataa. Mwaka 314 mtaguso wa Arles, yaani mkutano wa maaskofu, uliamua kwamba aliyebatizwa kwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu asibatizwe tena, awekewe mikono. Mwaka 1525 kule Zurich, Uswisi, wengine wakaanza kuwabatiza tena waliobatizwa utotoni, na mwaka 1527 mmoja wao, Felix Manz, akazamishwa mtoni hadi kufa kwa ajili ya jambo hili. Kumuua mtu kwa hilo ilikuwa dhambi kubwa, hata kama simuungi mkono.

Sasa cheti chako. Kiko mbele yangu, kimekunjwa mara nne, na kutu ya pini imeacha alama pembeni. Kina jina lako, siku ya kuzaliwa, siku ya ubatizo, majina yetu, wasimamizi watatu (akina mama wawili na baba mmoja), sahihi ya padre na namba ya kitabu. Hiyo namba ndiyo muhimu, maana cheti kikipotea kitabu kinabaki parokiani. Ubatizo hutimia kwa mambo mawili, maji yanayomgusa mtu na maneno "nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu". Kikikosekana kimoja, au pasipo shahidi wala kitabu, hapo ubatizwe, na pakiwa na shaka padre husema "kama hujabatizwa, nakubatiza". Hata mkunga akimbatiza mtoto mahututi kwa maji na maneno hayo, imetosha. Kwako vyote vipo.

Unachokililia, mwanangu, ni kusema kwa kinywa chako yale wasimamizi waliyokusemea. Hilo lina mahali pake. Kipaimara hujapata. Nenda parokia iliyo karibu nawe na nakala ya cheti, omba darasa, na askofu akija utakiri mwenyewe mbele ya watu, naye atakuwekea mikono.

Ukishuka majini pamoja na haya, utabaki mwanangu. Ila mwulize mchungaji kwanza atatamka maneno gani. Wapo wanaobatiza kwa jina la Yesu peke yake, na makanisa mengi hayaupokei ubatizo huo. Akikuambia bila maji mengi huuoni ufalme, msomee Luka 23:43, habari za mnyang'anyi msalabani. Usiende kwa hofu. Anayeshuka kwa shaka hupanda na shaka ileile, mwakani akatafuta mchungaji wa tatu.

Na kama ni baharini, angalieni maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, saa 4 asubuhi bahari imekupwa mbali, mtatembea juu ya miamba. Hujaa kwenye saa 10 jioni, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Maji yafike kati ya kiuno na kifua. Wakushike wawili, mkono mmoja mgongoni, wewe uzibe pua, upinde magoti na kulala chali. Vaa suruali na nguo nzito juu, maana kanga ikilowa hushika mwili. Mwenye kifafa aseme mapema. Mto Ruvuma msiutumie, una mamba.

Nakala ya cheti naituma kesho kwa basi la asubuhi. Kaichukue stendi kwa konda, na ile halisi inabaki kwangu.

Mama yako